Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Hospitali: Turudishieni Kikundi cha Wagonjwa wa Kisukari

Kwa:
Mkurugenzi wa Hospitali,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Mkuu wa Kliniki ya Kisukari.

YAH: KUFUNGWA KWA KIKUNDI CHA WAGONJWA WA KISUKARI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mgonjwa ninayehudhuria kliniki yenu ya kisukari na mmoja wa wanakikundi waliokuwa wakikutana katika chumba cha mwisho cha kliniki hiyo kila siku ya mahudhurio. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza. Viongozi wa kikundi walizungumza na muuguzi msimamizi, wakamwandikia mkuu wa kliniki, kisha wakaiandikia ofisi ya mkurugenzi. Barua zilipokewa na kugongwa muhuri, na hadi leo hatujapata jibu, si la kukubali wala la kukataa. Hatuna ugomvi na madaktari wala wauguzi, ambao tunaujua uungwana wao na tunaona jinsi wanavyoelemewa na kazi. Malalamiko yetu ni juu ya uamuzi mmoja wa uongozi na madhara yake kwetu.

Tangazo lililobandikwa mlangoni lilisema kwamba mikusanyiko ya wagonjwa ambayo si sehemu ya matibabu imesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Haukupita muda chumba kikajazwa majalada ya zamani, na wagonjwa wazoefu waliokuwa wakiketi kwenye mabenchi pamoja na waliogunduliwa karibuni wakaambiwa wasizungumze nao habari za ugonjwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa, kabla ya uamuzi huo, kikundi kilikuwa kikifanya nini. Naomba nieleze sasa.

1. Matibabu ya kisukari hufanywa na mgonjwa mwenyewe, na anahitaji wa kumfundisha kazi hiyo.

Mwaka una saa 8,760. Hata mgonjwa asiyekosa kliniki hukaa mbele ya daktari kwa sehemu ndogo mno ya saa hizo, na zote zilizosalia anaamua peke yake: ale wanga kiasi gani na wakati gani, achome uniti (vipimo) ngapi za insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari, afanye nini ikiwa ameshachoma insulini halafu chakula kikachelewa, apime sasa au asubiri. Akipata homa, sukari inaweza kupanda hata kama hajatia kitu kinywani. Mwenye kisukari aina ya kwanza, yaani ambaye mwili wake umeacha kutengeneza insulini, akidhani kwamba kwa kuwa hali chakula basi hahitaji kuichoma, damu yake inaweza kujaa asidi kabla siku haijaisha, na hali hiyo huua. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambayo ni miligramu 70 kwa desilita kwa wanaotumia kipimo hicho, anapaswa kupata gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, asubiri dakika 15, apime tena, na arudie ikiwa bado iko chini.

Kanuni hiyo inaelezeka kwa nusu dakika. Kuitekeleza usiku wa manane, jasho likikutoka, mikono ikitetemeka, fikra zikianza kuchanganyika na mwili mzima ukikusukuma ule kila kilicho karibu, ni jambo jingine kabisa, na anayeweza kukuandaa vizuri kwa saa hiyo ni yule aliyekwisha kuipitia. Katika kikundi chetu kila mkutano ulianza kwa jambo lile lile: kila anayetumia insulini alitoa mfukoni au mkobani kitu chake cha sukari cha dharura, akakiweka mezani kionekane. Asiyekuwa nacho alipewa na mwenzake kabla hajaondoka, na hakuna aliyemkemea. Nawauliza, waheshimiwa, ni nani katika kliniki anayelifanya jambo hilo sasa?

2. Mgonjwa mpya anapewa habari nzito, kisha anaachwa nayo.

Mtu anaambiwa kwamba ana kisukari. Anapewa vidonge, karatasi ya maelekezo na tarehe ya kurudi, naye anatoka na maswali ambayo hawezi kuyauliza mbele ya daktari mwenye foleni ndefu mlangoni: je, nimejiletea mwenyewe? Nitapofuka? Nitakatwa mguu? Nitaweza kuzaa? Nimwambie mwajiri wangu, au nifiche? Maswali hayo hayaishi kwa sababu hayakuulizwa. Anakwenda nayo nyumbani, na huko atajibiwa na yeyote atakayetangulia kufika.

Alikuwapo kwetu mzee mmoja ambaye ameishi na kisukari kwa sehemu kubwa ya umri wake. Mgonjwa mpya alipoketi karibu naye akiwa amenyamaza, mzee huyo alivua viatu na soksi, akamwonyesha miguu yake yote miwili, mizima, vidole kumi. Kisha akamwonyesha anavyofanya kila asubuhi. Hukigeuza kiatu na kukikung'uta, huingiza mkono ndani na kupapasa hadi mbele kwenye vidole, kwa sababu mguu uliopoteza hisia hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba mna kijiwe au msumari. Hutazama unyayo kwa kioo kidogo, hukausha kati ya vidole, na akiona lengelenge au mpasuko huja kliniki siku hiyo hiyo badala ya kungoja tarehe yake. Vidonda vingi vinavyoishia kwa mguu kukatwa huanza na jambo dogo la namna hiyo ambalo halikuonekana mapema. Karatasi ya maelekezo inasema: kagua miguu yako kila siku. Nimewaona wengi walioisoma na wasiifuate, na nimewaona walioanza kuifuata baada ya kumtazama mzee yule.

3. Wagonjwa wenzetu huona ambayo kliniki haipati nafasi ya kuyaona.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akiongezewa insulini karibu kila anapohudhuria, na sukari yake haikutulia. Wiki moja iko juu, wiki inayofuata inashuka ghafla hadi anaanguka. Siku moja mwenzake alimuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: unachoma wapi? Akaonyesha sehemu mbili karibu na kitovu, mahali alipokuwa akichoma miaka yote kwa sababu hapakuwa pakiuma tena. Mwenzake akampapasa, akakuta mafuta ya chini ya ngozi yamekuwa mavimbe magumu. Alimweleza kwamba insulini inayochomwa kwenye uvimbe wa namna hiyo hufyonzwa ovyo, leo kidogo na kesho nyingi, na ndiyo maana hesabu zake hazikuwa zikikaa sawa.

Linalonifanya nilieleze tukio hili kwa urefu ni alichokifanya mwenzake baadaye. Hakumwambia ahamie sehemu nyingine siku ile ile. Alimwonya kwamba dozi ile kubwa ikichomwa kwenye ngozi nzima inaweza kufanya kazi kwa nguvu zake zote na kumwangusha, akamshika mkono, akampeleka kwa muuguzi. Dozi ilipunguzwa na daktari, mama akafundishwa kuzungusha sehemu za kuchoma, tumbo, mapaja na matako, na sukari yake ikatulia. Hayo ndiyo yaliyoitwa mikusanyiko ambayo si sehemu ya matibabu. Daktari aliyekuwa akimwongezea dozi hakuwa mzembe. Alikuwa na dakika chache na karatasi yenye tarakimu, nasi tulikuwa na asubuhi nzima.

4. Hofu na uchovu wa ugonjwa huu havina pengine pa kusemewa.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kile tunachokiita HbA1c, kikisoma asilimia 9 au 10 wakati lengo la watu wazima wengi ni chini ya 7, huandikwa kwenye jalada kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine mtu huyo alianguka mbele ya wafanyakazi wenzake kwa sukari kushuka, wakamdhania mlevi, na tangu siku hiyo anaiacha sukari yake juu kwa makusudi ili lisimkute tena. Hilo hatalisema ofisini kwa daktari kwa sababu anajua atakaripiwa. Kikundini alilisema, na watatu wakasema hata wao.

Wapo pia wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza, wanaoamka kila usiku kumpima mtoto aliyelala, wakiogopa kumkuta amezimia. Yupo aliyechoka tu, si mvivu wala mkaidi, amechoka kuhesabu kila tonge pasipo siku ya mapumziko. Wataalamu wameutambua mzigo huu kuwa tatizo la peke yake, tofauti na ugonjwa wa sonona, na wanajua kwamba humfanya mtu aache kujihudumia. Kliniki yetu haina mshauri wa kuushughulikia. Ilikuwa na kikundi.

5. Stripu zimepungua, na maarifa ya kuzitumia vizuri yameondoka pamoja na kikundi.

Hili nalitaja kwa ufupi. Anayepewa stripu chache za kupimia sukari huzitumia ovyo asipoelekezwa: hupima kila asubuhi, anaona tarakimu ile ile, anakata tamaa. Kikundini tulifundishana kupima kwa jozi, kabla ya kula na saa 2 baadaye, ili mtu ajue chakula kile kimemfanya nini, na kuandika matokeo kwenye daftari ambalo daktari anaweza kulisoma kwa mtazamo mmoja. Kama stripu haziwezi kuongezwa leo, basi sababu ya kuturudishia mafunzo hayo ni kubwa zaidi.

Waheshimiwa, najua sababu zinazoweza kutolewa, kwa kuwa baadhi yake zimetufikia kwa minong'ono ya koridoni, nami napenda kuzijibu kwa uwazi.

Inasemwa kwamba wagonjwa watapotoshana. Hofu hii ina msingi na siidharau. Kila mmoja wetu amekwisha kufuatwa na muuzaji wa dawa inayodaiwa kumaliza kisukari moja kwa moja, na wapo walioacha insulini kwa ahadi hiyo wakarudishwa hospitali wakiwa mahututi. Lakini upotoshaji huo haukuzaliwa kikundini. Unamfikia mgonjwa kwenye simu yake, kwa jirani, kwa ndugu anayempenda na kumtakia mema. Kikundi kilikuwa mahali ambapo mtu aliweza kuitoa chupa yake mkobani na kuuliza bila kuchekwa, akajibiwa na mtu aliyelazwa kwa sababu ya chupa kama hiyo. Onyo la daktari mgonjwa hulipokea kwa heshima, kisha akifika nyumbani huhisi kwamba daktari hajui uchungu wake. Maneno ya mwenzake hawezi kuyaepa kwa njia hiyo. Tulikuwa na kanuni mbili zilizobandikwa ukutani, na naomba zikumbukwe: hakuna kuuza chochote ndani ya chumba hiki, na hakuna kumbadilishia mwenzako dozi. Kama uongozi ulipata habari za mtu aliyezivunja, tulistahili kuambiwa ili tumwondoe mtu huyo. Aliyeondolewa ni kila mtu.

Inasemwa pia kwamba siri za wagonjwa zitavuja. Sisi ndio wenye siri hizo, na aliyekuja kikundini alikuja kwa hiari yake akasema alichotaka kusema. Kama linatakiwa agizo la maandishi na sahihi ya kila mwanakikundi kwamba yasemwayo humo hayatoki, tuko tayari kutia sahihi. Ningeongeza tu kwamba kwenye dirisha la dawa majina yetu na aina ya insulini huitwa kwa sauti mbele ya umati, na hilo halijawahi kusitishwa kwa tangazo.

Kuhusu kwamba shughuli yetu si sehemu ya matibabu, napenda kurejea historia. Insulini ilipotumiwa kumtibu binadamu kwa mara ya kwanza huko Toronto, Januari 1922, kisukari aina ya kwanza kiliacha kuwa hukumu ya kifo cha karibu kikawa ugonjwa wa kuishi nao, na tangu wakati huo kazi ya kila siku ikamwangukia mgonjwa. Waliolielewa hilo hawakukawia. Chama cha Ureno cha kuwahudumia wenye kisukari kilianzishwa mwaka 1926. Nchini Uingereza, Daktari Robin Lawrence, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisukari na aliokolewa na insulini mwaka 1923 akiwa karibu kufa, alishiriki kuanzisha mwaka 1934 chama kilichowaweka wagonjwa na madaktari pamoja. Wagonjwa kusaidiana ni jambo la zamani katika matibabu ya ugonjwa huu, na halikuanzia katika chumba chetu.

Kama unatakiwa ushahidi wa vipimo, nao upo. Mwaka 2010 ulichapishwa Marekani utafiti juu ya wanaume 244 waliowahi kutumikia jeshi, wote wenye kisukari kisichodhibitiwa vizuri. Baadhi yao waliunganishwa wawili wawili wapigiane simu kila wiki na kusaidiana, wengine wakahudumiwa na wauguzi kwa utaratibu wa kawaida. Baada ya miezi 6, wastani wa HbA1c wa waliosaidiana ulishuka kutoka asilimia 8.02 hadi 7.73, na wa wale wengine ulipanda kutoka 7.93 hadi 8.22. Sisemi kwamba wagonjwa wachukue nafasi ya wauguzi. Nasema kwamba simu kati ya wagonjwa wawili iliweza kushusha sukari, na hospitali yoyote ingefurahi kuwa na tiba ya gharama ndogo kiasi hicho.

Sababu ya mwisho ni nafasi na watumishi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye kisukari duniani walikuwa milioni 200 mwaka 1990 na walifikia milioni 830 mwaka 2022. Mwaka 2022 huo huo nchi wanachama wa shirika hilo zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 80 ya waliogunduliwa wawe wanadhibiti sukari yao vizuri. Hakuna kliniki itakayofikia lengo hilo kwa kuongeza madaktari peke yake, na hapa wapo wagonjwa wazoefu wanaojitolea bure, wakiomba meza, viti na mlango wa kufunga. Majalada ya zamani yanaweza kupata mahali pengine.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kwanza, chumba kifunguliwe na kikundi kiruhusiwe kukutana kila siku ya kliniki ya kisukari kama ilivyokuwa. Pili, ateuliwe muuguzi mmoja wa kuhudhuria sehemu ya kila mkutano, hata kwa nusu saa, asikilize na kusahihisha panapohitaji kusahihishwa, na kanuni za kikundi ziandikwe kwa pamoja na uongozi. Tatu, kila anayegunduliwa kuwa na kisukari aulizwe siku hiyo hiyo kama angependa kukutanishwa na mgonjwa mzoefu, wa aina ya kisukari kama yake na ikiwezekana wa umri ulio karibu na wake, na akikataa aachwe kwa amani. Wazazi wa watoto wagonjwa wakutanishwe na wazazi wenzao. Nne, agizo la kutuzuia kuzungumza kwenye mabenchi liondolewe mara moja, kwa kuwa hilo halihitaji chumba, fedha wala kikao cha bodi. Tano, wagonjwa wawe na wajumbe wawili katika kikao chochote kitakachojadili mabadiliko ya huduma za kliniki ya kisukari, pamoja na mgawo wa stripu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu tarehe barua hii itakapopokelewa. Likiwa la kukubali, wanakikundi wako tayari kuja kuhamisha majalada na kusafisha chumba kwa mikono yao. Likiwa la kukataa, tunaomba sababu zitajwe moja moja, ili tujue ni lipi tunalopaswa kurekebisha na tuombe tena. Litakalokuja, tutawasomea wanakikundi wote, wakiwemo wale waliogunduliwa baada ya chumba kufungwa, ambao hadi sasa hawajapata wa kuketi naye.

Wenu kwa heshima,

Mgonjwa wa kisukari,
kwa niaba ya wanakikundi wenzangu.

Nakala: Muuguzi Msimamizi wa Kliniki ya Kisukari, wanakikundi wote.